Krismasi ya Magunia

Katika wodi ya wazazi walimwita Sista, na mtaani pia walimwita Sista, hata wauza nyanya ambao hawakujua kwamba kazini alikuwa na cheo kirefu kuliko hicho. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye hatua za haraka na sauti inayosikika hadi chumba cha pili. Kwa miaka kumi na moja mfululizo hakuwahi kula chakula cha Krismasi nyumbani kwake. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu alikuwa mgeni kazini, na mgeni ndiye anayebebeshwa zamu za sikukuu. Baadaye ikawa kwa sababu wamemzoea. Kila Desemba metroni alipopanga zamu aliliandika jina la Sista kwanza, ndipo akawauliza wengine. Sista hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa mtu wa kukubali, halafu akaenda chooni akasonya.

Mwaka huo metroni alimwita ofisini katikati ya Novemba, akavua miwani.

"Siku zako za likizo zimelundikana mpaka naona aibu. Tarehe ishirini nisikuone hapa. Nenda kwako ukapambe nyumba, ule na watu wako."

Pengine neno hilo la kupamba ndilo lililomponza. Kwenye benchi la wagonjwa wa nje palikuwa na gazeti la picha, kuukuu, kurasa zimelegea kwa kufunuliwa na vidole vya watu wenye wasiwasi. Wiki hiyo hiyo, akisubiri faili, Sista akalifungua. Akaona sebule iliyopambwa kwa Krismasi kwa mtindo wa kizamani, wa kishamba: meza isiyopigwa rangi, gunia limetandikwa juu yake badala ya kitambaa, taa ya chemli yenye kutu, vikombe vya bati, matawi makavu yamesimamishwa ndani ya ndoo, na vipande vya gogo vilivyokatwa mviringo kama sahani, magome yake yakiwa bado yameshika. Hapakuwa na kitu kimoja kinachong'aa. Ile picha ilikuwa kimya. Sista, ambaye siku zake zote zilikuwa kelele za kujifungua, kengele, ndoo na milango, alihisi mabega yake yakishuka yenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akauchana ule ukurasa. Yeye huyo huyo aliyewagombeza watu kila siku kwa kuchana magazeti ya hospitali. Akaukunja, akautia mfukoni mwa sare.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mwembamba unaotokea uani. Waliishi wanne. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mchache wa maneno na mwingi wa kuimba peke yake. Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kituo, wote walimwita Chiriku. Wa nne alikuwa mama mkwe. Alihamia kwao mwaka Chiriku alipoanza kutembea, ili mtoto asilelewe na ukuta, na tangu hapo nyumba ikawa mkononi mwake. Sista alilijua hilo na alimshukuru kwa moyo wote, isipokuwa sehemu ndogo ya moyo iliyouma kila alipoingia jikoni kwake mwenyewe na kuuliza chumvi inakaa wapi.

Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo, aliamka kama anakwenda zamu. Mama mkwe alikuwa sokoni, mume kazini, Chiriku kwa rafiki yake. Sista akapanda kiti, akalishusha boksi la mti wa Krismasi kutoka juu ya kabati. Ulikuwa mti wa plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, matawi yamepungua kama kichwa cha mzee, na juu yake karatasi za kumeremeta za rangi zote ambazo macho hayataki kuziona pamoja. Akautazama, akautazama tena, akalibeba boksi lake hadi nyumba ya pili kwa Mama Pacha.

"Wanangu watafurahi mpaka wapasuke!" alisema Mama Pacha. "Ninyi mtabaki na nini?"

"Sisi mwaka huu tunapamba kizamani," alisema Sista, akajisikia vizuri sana kulisema.

Mama mkwe aliporudi, Sista alimpokea kapu, akamtengea kiti, akamweleza kwa adabu. Samahani mama, vile vyombo vya zamani, taa ya chemli, vikombe vya bati, pasi ya mkaa, havikubaki popote?

"Vya nini, mwanangu? Umeme umekatika?"

"Hapana, mama. Vya kupambia."

Mama mkwe alimtazama kwa makini, kama anayemtafuta mtu homa usoni. "Siku niliyopata umeme," alisema, "vyote nilivigawa kabla taa haijapoa. Hata asante sikusubiri."

Jioni Chiriku aliingia, akapita sebuleni, akasimama. "Boksi la mti liko wapi?"

"Nimempa Mama Pacha. Nitatengeneza mti mwingine, mzuri zaidi. Utaona."

Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtoto yule hakusema kitu. Alimgeukia baba yake, na baba yake akayatazama maji kwenye glasi.

"Ule mti tuliununua mimi na bibi," Chiriku alisema mwishoni. "Wewe ulikuwa kazini."

"Najua nilikuwa kazini."

"Tunaupamba tarehe ishirini na nne saa kumi. Mimi naweka nyota, bibi anashika kiti, baba anapiga picha."

"Na kila mwaka nakutumia," alisema mume taratibu. "Unajibu 'nzuri sana'."

"Nilikuwa na mama amefika kwenye kusukuma! Ulitaka nijibu nini, nikuandikie barua?" Sauti ya Sista ilipanda pasipo yeye kuituma. "Nzuri sana ni salamu. Huwezi kumshika mtu kwa salamu."

Akainuka, akaiondoa glasi ya mumewe mezani, maji yakiwa bado ndani.

Jumanne alikwenda kwa muuza chakavu, nyuma ya stendi ya mizigo, mahali palipokaa vitanda vya chuma na mashine za kufulia zilizokufa. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na alimfurahia Sista hadi pale Sista alipoikataa taa mpya ya chemli iliyokuwa ikining'inia mlangoni, akaichagua iliyokuwa chini, yenye kutu na kioo kilichokatika ncha.

"Hiyo ni ghali zaidi ya ile mpya," alisema mzee papo hapo.

"Imeoza!"

"Mama, mimi sijui kwa nini unaitaka. Lakini umeiinamia kama mtu aliyepata alichopoteza. Bei ni hiyo."

Alilipa. Akalipia na vikombe sita vya bati vilivyobanduka rangi, na ndoo moja; magunia manne ya katani mzee alimpa bure kwa huruma, akamwambia awahi nyumbani kabla ya mvua.

Jumatano alifika kiwanda cha kupasulia mbao. Fundi wa msumeno alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Sista alimwonyesha ule ukurasa, mikunjo yake imeshaanza kutoboka.

"Unataka kuni," alisema fundi.

"Sitaki kuni. Nataka gogo, ulikate vipande vyembamba, mviringo, magome usiyatoe."

"Vya kazi gani?"

"Vya kuwekea vikombe."

"Meza huna?"

"Meza ninayo! Gogo linakaa juu ya meza, kikombe kinakaa juu ya gogo."

Fundi alifikiri. "Basi si ukiweke kikombe juu ya meza moja kwa moja?"

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakibeba ubao waliusimamisha ili wasikie vizuri. Sista alieleza upya, akaeleza tena, akajikuta anasema neno "uzuri" mara nne. Mwishoni fundi alikata vipande vinane. Vitatu vilipasuka katikati vingali mkononi, kwa kuwa gogo, alisema, lilikuwa bado halijakauka vizuri, na yeye alikuwa ametaka kumwambia hilo tangu mwanzo lakini mama alikuwa anaongea. Akampa na tawi kubwa kavu, refu kama mtu, ambalo dereva wa bajaji alikataa kulipakia hadi alipoongezewa nauli.

Alifika kwake saa tisa, jasho limemshika mgongoni, vumbi la mbao kwenye nywele, furaha yake ikiwa bado nzima. Mlangoni alipokelewa na mama mkwe aliyejaa tabasamu.

"Njoo uone, mwanangu. Nimekusaidia."

Taa ya chemli ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa inang'aa. Mama mkwe alikaa nayo uani tangu asubuhi, akaisugua kwa mchanga na ule waya wa kusugulia sufuria, akaifikia kila kona. Kutu yote ilikwenda na maji. Kisha, kwa kuwa bati lilibaki na mabaka, alimtuma Chiriku kwenye kisanduku cha vifaa cha baba yake, wakapata kopo la rangi ya fedha inayopakwa kwenye migongo ya majokofu. Wakapaka mara mbili.

"Ilikuwa imeoza kabisa," alisema mama mkwe. "Nikasema mkwe wangu amechoka, hana hata muda wa kuisafisha. Sasa hata mgeni akiiona, ataona taa."

Sista aliipokea taa mikononi. Akasema, "Asante, mama." Akaingia bafuni, akafungua bomba ili maji yatoe kelele, akasimama ameshika sinki, akavuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, polepole, vilevile alivyowafundisha akina mama uchungu unapokolea. Wao aliwaambia kila mara kwamba inasaidia. Haikusaidia kitu. Mama mkwe alikuwa ameshinda juani kwa ajili yake. Ungemgombezaje mtu kwa wema? Angekuwa amefanya kwa ubaya, ingekuwa afadhali; ubaya una majibu.

Alhamisi alisimamisha tawi. Aliliweka ndani ya ndoo, akalijazia mawe, likaegemea kushoto. Akaongeza mawe, likaegemea kulia. Akalifunga kwa kamba kwenye msumari wa pazia, na pazia likashuka lenyewe likamfunika. Mumewe, aliyekuwa amerudi mapema, alikuja akamtoa chini ya pazia bila kucheka, ingawa mashavu yake yalikuwa yamejaa kicheko kama mdomo wenye maji.

"Cheka tu," alisema Sista.

"Sicheki."

"Nakuambia cheka, usije ukapasuka nikaongezewa kazi."

Akatandaza magunia: moja mezani, mawili juu ya makochi, moja sakafuni. Hapo Chiriku alikaa. Dakika kumi baadaye mapaja yake yalikuwa mekundu kwa kujikuna, na kutoka kwenye pindo la gunia wakatembea wadudu wawili weusi, wale wa nafaka, kwa mwendo wa watu waliofika safari yao salama. Sista aliyatoa magunia uani, akayachapa, akayaanika, akayarudisha. Akapanga vipande vitano vya gogo, juu yake vikombe vya bati. Akarudi nyuma, akautoa ukurasa, akalinganisha. Haikuwa sawa. Kwenye picha mwanga uliingia kwa ubavuni, laini. Kwao uliingia kutoka kwenye taa ya dari, mweupe, uliofanya kila kitu kionekane kilivyo. Magunia yalikuwa magunia. Kuni zilikuwa kuni.

Saa kumi na moja jioni mama mkwe alinyanyua mkono. "Nyamazeni."

Wakanyamaza. Kwenye meza, ndani ya kipande kimojawapo cha gogo, kulikuwa na sauti ndogo: krr, krr, krr. Chini yake palikuwa na kichuguu cha unga mwembamba wa njano.

"Bungua," alisema mama mkwe. Akageuka kulitazama kabati lake la vyombo, kitu pekee alichohama nacho, alichotengenezewa na marehemu mumewe. "Umeniletea bungua ndani ya nyumba yenye kabati langu."

"Nitavitoa nje, mama."

"Usiviweke ukutani. Viweke mbali."

Sista alivibeba vyote vitano hadi mwisho wa uwanja. Akarudi, akapangusa unga, akavipanga vikombe moja kwa moja juu ya meza kama fundi wa msumeno alivyoshauri.

Kilichomvunja kabisa kilikuja Ijumaa, tarehe ishirini na nne. Mchana alipita shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mtu mnene mwenye duka la vipuri na desturi ya kuja kuwasalimu kabla ya sikukuu. Sista alimkaribisha kwa bashasha zote, akamkalisha kwenye gunia, akamletea yeye na mama yake chai ndani ya vikombe vya bati. Kikombe cha bati kina tabia yake: chai ikiwa ya moto, mdomo wake ni moto zaidi ya chai. Shemeji aliungua, akakirudisha mezani, akaangaza macho. Aliona tawi kavu lililofungwa kamba. Aliona ndoo. Aliona makochi yaliyofunikwa magunia. Alisema habari za hapa na habari za kule, kisha akamwomba mdogo wake watoke nje kidogo.

Dirisha lilikuwa wazi.

"Umefukuzwa kazi lini?" Sista alimsikia shemeji akiuliza kwa sauti ya chini.

"Sijafukuzwa."

"Mimi ni ndugu yako. Makochi yamechanika mpaka mnayaficha kwa magunia, unaninyamazia? Mama ananywea kwenye mabati? Na mti wa watoto mmeuza?"

"Kaka, ni mapambo."

Sista alisikia noti zikihesabiwa. Kisha shemeji akasema, kwa upole uliomchoma Sista kuliko tusi, "Basi hata kama hutaki kusema, hizi shika. Usimwambie mke wako, asijisikie vibaya."

Na kama vile mambo yamepangana, saa moja haikupita Mama Pacha akabisha hodi na bakuli lililofunikwa. Unga na sukari, alisema, kidogo tu, jirani ni jirani. Alikuwa amemsikia mtu akisema kwamba mambo yamewabana. Hakusema ni nani.

Sista alipokea bakuli, akashukuru, akafunga mlango. Akaliweka mezani polepole sana. Halafu akalipuka.

"Miaka kumi na moja!" alisema. "Miaka kumi na moja nimewaachia nyumba hii, mpambe mnavyotaka, mle mnavyotaka, mimi nakula biskuti nimesimama. Mwaka mmoja! Nimeomba mwaka mmoja tu kitu kikae ninavyotaka mimi. Mmoja anasugua, mwingine anajikuna, mwingine anapokea sadaka dirishani kwangu! Hivi hapa mimi ni nani? Mpangaji?"

Chiriku alianza kulia. Mume alisema, "Mama Chiriku, taratibu," neno ambalo halijawahi kumtuliza mwanamke yeyote tangu lilipobuniwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha pembeni, mikono magotini. Alisubiri mpaka kelele zikaisha.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikukataa upambe. Lakini na mimi nina la kusema, ukiruhusu."

"Sema, mama."

"Mimi nimelala juu ya gunia. Si la kupambia, la kulalia. Kikombe cha bati nimekinywea mpaka kikatoboka, tukakiziba kwa sabuni. Ile taa imeniharibu macho, ndiyo maana leo sindano natungiwa na mjukuu. Nilipoondokana na vitu hivyo nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Sasa siku ya sikukuu, mbele ya mwanangu mkubwa, mkwe wangu ananiwekea mkononi kikombe kile kile, halafu ananitazama nifurahi." Alitikisa kichwa. "Nimejaribu. Tangu Jumatatu najaribu. Sikuweza."

Aibu ilimpanda Sista, lakini ukweli usemwe, hasira nayo haikushuka. Vilikaa vyote viwili kifuani, kama abiria wawili wanaogombania kiti kimoja. Alijua mama mkwe ana haki. Alijua pia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza yeye ametaka nini katika ile picha, na kwamba hata wangemuuliza angeshindwa kueleza.

Akavaa viatu, akatoka. Alikwenda kwa Mama Pacha, akijifunza njiani namna ya kuomba ulichokwisha kutoa. Mlango ulikuwa wazi. Pacha walikuwa wameupamba mti hadi chini, wamening'iniza vijiko, soksi na picha walizochora, na mmoja alikuwa amelala chali chini yake akiutazama kama mbingu. Sista alisimama kizingitini.

"Karibu, Sista. Kuna shida?"

"Hapana," alisema Sista. "Nimerudisha bakuli." Kisha akagundua kwamba hakuwa na bakuli.

Nyumbani alikuta wameondoa magunia kwenye makochi, hakuuliza ni nani. Mama mkwe alikuwa ametoa glasi kabatini. Mumewe alikuwa na zile taa ndogo za mti wa plastiki. Hazikuwa ndani ya boksi, alikuwa amezichukua tangu Novemba kuzitengeneza, na sasa yeye na Chiriku walikuwa wanazizungusha kwenye tawi kavu. Nyekundu, kijani, buluu, zikizima na kuwaka, na zikipiga ule muziki wao wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

"Tuzitoe?" aliuliza Chiriku, macho bado yamevimba.

Zilikuwa mbaya. Tawi lenyewe lilikuwa limeegemea kushoto tena, na sasa lilikuwa baya maradufu, la kizamani na la kisasa kwa pamoja, kama mzee aliyevalishwa nguo za disko.

"Ziache," alisema Sista. "Zimeni sauti tu."

"Sauti haizimiki, mama. Baba amejaribu."

Siku ya Krismasi alifanya kitu ambacho hakukipanga. Baada ya ibada ya asubuhi alijilaza kitandani, dakika tano tu, na viatu miguuni. Alipofumbua macho ilikuwa saa kumi kasoro. Nyumba ilikuwa kimya. Walikuwa wamekula. Alitoka chumbani na mkunjo wa mto shavuni, akaiona meza imeshafutwa, na alihisi machozi ya hasira yanamjia kama mtoto.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tulikuja mara tatu," alisema mumewe. "Mara ya tatu ukaniambia nichemshe maji na nimwite daktari."

Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Sista hakucheka. Krismasi moja katika kumi na mbili, na ameilala.

Alikwenda jikoni. Mama mkwe alimfuata, akamfunulia sahani iliyofunikwa, akavuta kigoda akakaa karibu naye. Sista alikula kwa haraka, kama mtu wa zamu.

"Huko zamani, mama," Sista aliuliza mwishoni, mdomo umejaa, "mlipambaje?"

"Chokaa."

"Chokaa?"

"Wiki nzima kabla ya sikukuu. Tunaichemsha kwenye pipa, tunapaka kuta, ndani na nje. Nyumba inakuwa nyeupe mpaka unaogopa kuingia na miguu yako. Hakuna kingine. Unakaa tu unatazama ukuta." Alitabasamu kidogo. "Mama yangu alikuwa anasema nyumba imepumua."

Sista aliweka kijiko. "Sasa mbona hukuniambia, mama? Wiki nzima nahangaika na magogo!"

"Hukuniuliza tulipambaje. Uliniuliza vyombo."

Sista akachukua kijiko, akaendelea kula.

Duka la vifaa vya ujenzi lilifunguliwa Jumatatu. Alikuwa na siku mbili tu kabla ya kurudi zamu, na asubuhi hiyo alirudi na mfuko wa chokaa na brashi mbili za katani. Tawi lilikuwa limeshakuwa kuni. Yeye na mama mkwe walianzia kwenye ule ukumbi mwembamba wa kwenda uani, mama mkwe akiwa amekaa kwenye kigoda anapaka chini, Sista amesimama anapaka juu. Chokaa ilimtiririkia hadi kwapani, ikamwasha. Ikamdondokea kwenye kope. Sehemu aliyokwisha kupaka ilikauka ikaonyesha mistari, sehemu aliyoiruka ikaonekana kama ramani.

"Unapaka au unapangusa?" alisema mama mkwe bila kuinua macho.

"Napaka, mama."

"Chovya vizuri. Usiuonee huruma ukuta."

"Mama, mkono unauma."

"Mkono unauma na kona ile umeiruka. Rudi."

Sista alisonya, safari hii waziwazi, mbele ya mama mkwe wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya ndoa. Mama mkwe aligeuka, akamtazama, akasonya naye, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akachovya brashi, akaendelea. Sista akairudia kona.